Kiti cha Mama Mkwe

Mansuetus ndiye aliyeleta dishi Mbaha, na kwa mwaka mzima hakumwacha mtu asahau hilo. Kazi yake ilikuwa kuchuuza usipa, wale dagaa wadogo wa ziwani. Aliununua kwa wavuvi pale ufukweni, akaupandisha Mbinga na Songea kwa magunia, akarudi na sabuni, betri na habari za mjini. Safari moja akarudi na sahani kubwa ya bati imefungwa kamba juu ya lori, na wazee wakamuuliza kama anataka kupakulia kijiji kizima, maana chombo kile hakikuwa cha watu wawili.

Akajenga banda la matete ubavuni mwa nyumba yake, akapanga mabenchi ya mabanzi, akaweka televisheni juu ya meza upande wa mbele, na jenereta akaitengea kijumba chake nje. Ulikuwa wakati ule ambapo kila jambo limekuwa ruksa. Wanunuzi wa kahawa walipanda milimani na fedha zao mfukoni, mitumba ikajaa mnadani, na mpira wa nchi za mbali, ambao baba zetu waliusikia kwa redio yenye mikwaruzo, ukaja na picha zake mpaka kando ya Ziwa Nyasa. Kila kitu kilikuja, na hakuna kilichokuja bila bei.

Ila mtu aliyeupenda mpira kuliko wote Mbaha hakuwahi kukanyaga ndani ya banda lile. Huyo alikuwa Mama Walburga, mama mzazi wa Anjelina, mke wa Mansuetus. Enzi za uhai wa mumewe walikuwa na redio, na kila Jumamosi mchana walikaa kibarazani wakisikiliza ligi, yeye akichambua maharage, mume akigombana na mwamuzi. Mume alipofariki, redio nayo ikakata sauti mwezi uleule, na mafundi watatu wakashindwa kuifufua. Mama Walburga alikuwa bado anaweza kukutajia kikosi cha mwaka wowote uliotaka, kuanzia golikipa, bila kupumzika katikati.

Kilichomzuia kuingia kilikuwa ukwe. Kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake, hali naye sahani moja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanamume anapinda majanini, anainama, anasema shikamoo huku akitazama vidole vya miguu yake mwenyewe. Sasa Mansuetus alikuwa mlangoni mwa banda lake kila siku akipokea viingilio. Mama Walburga angepitia wapi?

Wakatafuta njia ya kiungwana. Mama Walburga aliwekewa kigoda nje, nyuma ya ukuta wa matete, na ndani, upande wa pili wa matete yaleyale, alikaa Jonas. Huyu Jonas alikuwa Mwanglikana mrefu, mvuvi, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi akarudi na Kiingereza na kikohozi. Watangazaji wa kwenye dishi walisema Kiingereza, Jonas akakigeuza Kinyasa, akakipitisha kwenye matete. Tena ndiye aliyekuwa mshenga wa Mansuetus alipomposa Anjelina, kwa hiyo kupeleka maneno kati ya nyumba zile mbili ilikuwa kazi yake ya siku zote. Hakulipa kiingilio. Kiti chake kiliitwa kiti cha mama mkwe, na hata banda likijaa namna gani, hakuna aliyethubutu kukikalia.

Tabu ilianza na bei. Kampuni ya dishi ilipiga hesabu zake kwa dola, na shilingi yetu ilikuwa ikiporomoka. Ada ikapanda, Mansuetus akapandisha kiingilio. Petroli ikapanda, akapandisha tena. Watu walinung'unika kidogo, wakakohoa kidogo, wakalipa. Kisha ukaja mwaka wa elfu mbili na mbili, Kombe la Dunia likapelekwa Japani na Korea, na kampuni ikatoa tangazo kwamba anayetaka kuona mechi zote alipie kifurushi kikubwa. Mansuetus alikwenda Songea kulipia, akarudi hana hamu ya kula. Jioni hiyo akabandika mlangoni bei mpya, mara mbili ya ile ya zamani.

Na mwaka wenyewe ndio ule wa Senegali! Siku ya kwanza kabisa wakamfunga Mfaransa, bingwa wa dunia, mchana kweupe, banda limejaa mpaka watu wamekaliana magotini. Waliojua Senegali iko upande gani wa Afrika walikuwa wawili, nao hawakukubaliana. Haikudhuru kitu. Kuanzia siku ile Senegali walikuwa watoto wa Mbaha. Mechi zilichezwa asubuhi na mchana kwa saa zetu, wakati wavuvi wamesharudi na usipa umeshatandazwa juani. Kila mtu alikuwa na nafasi ya kutazama. Asichokuwa nacho ni hela.

Basi wasiokuwa na hela wakaugundua ukuta ule. Kwanza walikuja wawili, wakaomba kukaa karibu na kigoda cha Mama Walburga. Kisha kumi. Wanawake wakaja na mabeseni yao ya usipa, wakawa wanachambua huku Jonas anatangaza. Siku Senegali walipotoka sare na Urugwai, baada ya kuongoza kwa magoli matatu, watu wa nje walilia kwa sauti kuliko watu wa ndani. Mansuetus akatoka kwenda kutazama kelele ni za nini. Akaona kijiji kizima kimekaa nje ya ukuta wa banda lake, bure.

Hasira ikampanda, na hasira ya mtu aliyelipa kwa dola si ya kawaida. Akaingia ndani, akasimama mbele ya Jonas.

"Jonas, kuanzia kesho utalipa kama wenzako."

"Kaka, hiki kiti si changu. Unajua mwenyewe ni cha nani."

"Hakuna kiti cha bure humu! Kila kitu kina bei yake. Kila kitu!"

Upande wa pili wa matete, maneno yale yalisikika yote. Mama Walburga alinyanyuka, akajifunga khanga yake vizuri, akachukua kigoda chake akaondoka nacho. Usiku Anjelina alimuuliza mumewe kama anajua alichokisema na nani aliyekisikia. Mansuetus akajibu kwamba biashara ni biashara, akageukia ukutani.

Kesho yake Naijeria walikuwa wanacheza na Uingereza. Mansuetus alikuwa mlangoni, foleni fupi imesimama, mara akaona watu wanapisha njia. Jonas alikuwa anakuja amevaa koti lake la kanisani, na mikononi amebeba jembe. Mansuetus alilitambua kabla halijafika. Lilikuwa jembe alilolitoa yeye mwenyewe siku ya posa, pamoja na mahari nyingine, kama walivyotoa baba yake na babu yake. Ng'ombe huliwa na fedha hutumika, lakini jembe hukaa nyumbani kwa mama wa binti, na maadamu liko pale, ndoa ipo.

Jonas akalilaza kizingitini.

"Mama Walburga anakusalimu, Bwana Mansuetus," alisema, na lile neno "Bwana", badala ya "mkwe", likawafanya watu watazamane. "Anasema hana fedha taslimu. Amesikia kila kitu kina bei, kwa hiyo amekuletea hili. Anaomba kiti kimoja, cha mbele."

Hapo ndipo alipotokea mwenyewe nyuma ya Jonas, amevaa gauni lake la Pasaka. Alikuwa anatembea polepole, kichwa juu, moja kwa moja kuelekea mlangoni. Foleni ilirudi nyuma kama imemwagiwa maji ya moto. Mansuetus alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona hana pa kupita, akageuka akakimbilia ndani ya banda lake mwenyewe. Mama mkwe naye akaingia. Mansuetus akauvamia ukuta wa nyuma kwa bega na kutokea upande wa pili na matete kichwani.

Mama Walburga akaketi benchi la mbele. Kama jembe limerudi, ukwe haupo. Kama ukwe haupo, yeye ni mteja kama mteja mwingine, na mteja aliyelipa haulizwi. Alitazama mechi yote, mikono magotini, peke yake kwenye benchi, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa naye. Mechi ikaisha bila bila. Akatoka anasema Naijeria wa safari hii hawana washambuliaji.

Anjelina hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Mansuetus alipojikusanya akarudi nyumbani, alimkuta anafunga nguo kwenye khanga, watoto wawili wamesimama pembeni wamevaa viatu.

"Anjelina, mke wangu. Mama anatania."

"Mama hajawahi kutania na jembe." Akakaza fundo. "Mimi sina ugomvi na wewe, Baba Tadea. Lakini siwezi kulala kwenye nyumba ambayo jembe lake limerudi. Watu wataniitaje?"

Akaondoka. Nyumba ya mama yake haikuwa mbali. Mansuetus aliweza kuona moshi wa jiko lake kutoka uwani. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Aliona moshi wa chakula ambacho siku zote kilikuwa chake, na yeye amekaa kwenye ngazi na jembe mapajani. Aliogopa. Dishi likichukuliwa angeweza kurudia usipa wake, lakini bila Anjelina hakujua angerudia nini.

Jioni alikwenda kwa Jonas. Alimkuta anashona wavu, na Jonas hakunyanyua macho.

"Jonas, nisaidie. Nenda ukamwambie mama nimekosa."

"Mimi siku hizi nina bei," Jonas alisema.

 Mansuetus alisimama tu, mtu mzima mwenye dishi, machozi yanamlengalenga. Jonas akaona imetosha. Akaweka wavu chini, akachukua fimbo yake, akaenda. Aliporudi, alikaa kwanza, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Washenga ndivyo walivyo.

"Nimemkuta. Anasema hivi, na mimi nakupa kama alivyonipa. Anasema siku ulipoleta jembe, yeye hakukuuzia binti. Alikupa. Na wewe hukununua, ulileta jembe ili watu wajue nyumba mbili zitalima pamoja. Sasa wewe mwenyewe umesema, mbele za watu, kila kitu kina bei. Kama ni hivyo, basi na jembe lilikuwa bei, na Anjelina alikuwa bidhaa. Akaona heri arudishe bei achukue bidhaa yake."

Mansuetus alijishika kichwa. "Sikuwa na maana hiyo. Ni hii ada, Jonas. Wanapandisha kila siku. Unadhani napenda kuwanyang'anya watu?"

"Hilo pia nimemwambia. Akacheka. Akasema, ada inalipwa wapi?"

"Songea."

"Na usipa unauza wapi?"

"Songea."

"Akasema, basi yule bwana mwambie hivi. Mvuvi wa Mbaha hana hela, ana usipa. Hela ya usipa iko Songea. Kwa nini anamdai mvuvi hapa kitu ambacho yeye mwenyewe ndiye anayekwenda kukifuata kule?"

Mansuetus akapiga hesabu upya. Miaka yote ile alikuwa ananunua usipa asubuhi kwa fedha yake, kisha mchana anawaomba wavuvi wale wale wamrudishie fedha ile mlangoni, na fedha yenyewe ilikuwa imeshakwenda kwenye sukari na mafuta ya taa. Kopo moja la usipa hapa lilikuwa kitu cha kawaida, mtu angempa jirani bila kufikiri. Kopo hilohilo likifika Songea lilikuwa na thamani karibu mara tatu. Alijiona mjinga, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka, ingawa hakikuwa kicheko cha furaha.

"Na jembe?" aliuliza.

"Jembe hakulitaja."

Jumamosi Mansuetus alishinda kazini. Aliubandua ukuta wote wa ubavuni, ule wa kiti cha mama mkwe, akaupanga uwani. Akaigeuza televisheni pembeni ili aliye ndani aone na aliye nje aone. Akaing'oa bei mlangoni, na mahali pake akaning'iniza kopo tupu la maziwa. Kila aliyepita aliambiwa: kopo la usipa mkavu, au kama huna, bakuli la unga wa muhogo, au kama huna hicho, kaa tutazame. Kati ya kijumba cha jenereta na upande ule wa nje watakapokaa watazamaji alitundika mkeka mkubwa wa ukindu, ili yeye awe huku na mama mkwe awe kule na heshima isivunjike. Tatizo likawa kwamba mwenye dishi, akikaa kwenye jenereta nyuma ya mkeka, hangeona mpira hata kidogo. Akasema potelea mbali.

Jioni alimpa Jonas jembe, pamoja na kitenge kipya na jogoo. Jonas akaenda, akarudi mikono mitupu.

"Amelipokea?"

"Nimeliegemeza mlangoni. Hajalitupa nje, hajaliingiza ndani. Jogoo ameingia mwenyewe."

Usiku ule Mansuetus hakulala vizuri.

Jumapili Senegali walikuwa wanacheza na Uswidi saa tatu na nusu asubuhi, na aliyeshindwa alikuwa anarudi kwao. Wakatoliki walisali misa ya alfajiri, wakajaza kanisa kuliko siku ya Krismasi. Padri wa Kianglikana alianza ibada mapema, akasema ni kwa sababu ya joto, na ilikuwa Juni, watu wamejifunika mablanketi. Kabla mpira haujaanza gunia la kwanza la usipa lilikuwa limeshajaa, na nyuma ya mkeka Mansuetus alisikia sauti za watu wengi kuliko siku yoyote. Alisikia na mlio mdogo wa kigoda kikiwekwa chini. 

"Jonas! Amekuja?"

"Amekuja. Na Anjelina. Nyamaza, wanaanza."

Jonas akawa na kazi mbili, kumtangazia Mama Walburga Kiingereza cha watangazaji na kumpigia kelele Mansuetus yanayoonekana kwenye picha. Uswidi wakafunga mapema, Mbaha ikalala. Senegali wakarudisha, Mbaha ikaamka, na kopo la maziwa likaanguka likakanyagwa. Kipindi cha pili kikaisha kwa sare ya moja kwa moja. Wakati wa dakika za nyongeza unaanza, Jonas alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kikohozi cha Zambia kilikuwa kimemaliza sauti yake.

Mansuetus alibaki kama mtu aliye gizani. Alisikia watu wanashtuka, wanaguna, wanashika vichwa, na hakujua nani ana mpira. Petroli ilikuwa inakaribia kuisha, amebaki na chupa moja. "Nani anashambulia?" aliita. "Jamani, nani?" Hakuna aliyemsikia.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka upande wa pili wa mkeka, tulivu, ya mtu aliyesikiliza redio miaka thelathini na kujua mtangazaji hufanyaje.

"Mswidi ana mpira. Anageuka. Amempita beki. Anapiga... umegonga mwamba! Umegonga mwamba, umerudi uwanjani."

Mansuetus aliinamisha kichwa, ingawa mkeka ulikuwa kati yao. Katika ndoa yake yote hakuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya kuitikia marahaba.  Alishika chupa ya petroli kwa mikono miwili, akasikiliza.

"Senegali sasa. Pasi ya kisigino. Yule kijana anaingia, anakwenda peke yake, anampita mmoja. Anapiga chini. Mpira unakwenda polepole, unagusa mwamba..."

Yaliyofuata hakuyasikia, maana Mbaha nzima ilipiga yowe, na wavuvi waliokuwa wamebaki ufukweni wakajua bila kuambiwa. Mansuetus naye akapiga yowe. Kisha akakumbuka kwamba wakitoka kati kuanza upya petroli haitoshi, akamimina chupa yote ya mwisho kwa haraka, nyingine ikamwagika mguuni. Mpira usingekatika leo, hata kama angelazimika kuikimbiza jenereta kwa mkono.

"Mkwe," ilisema sauti nyuma ya mkeka.

Alisimama hapohapo na chupa tupu mkononi.

"Mkwe, zima mashine. Imekwisha. Jonas ananinong'oneza hapa kwamba siku hizi goli la nyongeza likiingia ndio mwisho, hakuna kuendelea. Usiunguze mafuta bure."

Mansuetus akazima jenereta. Katika ule ukimya alisikia watu wanaanza kuimba, na akakaa chini juu ya mchanga. Mkwe. Tangu Jumatano alikuwa Bwana Mansuetus, Bwana yule, yule wa dishi. Alilirudia neno lile kimoyomoyo kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichopotea sokoni, na machozi yakamtoka bila aibu.

Mkeka ukafunuliwa pembeni. Alikuwa Anjelina, na fundo lake la nguo kichwani, watoto wakimtangulia kukimbilia uwani.

"Umejimwagia petroli," alisema.

"Nimejimwagia."

"Nitakuchemshia maji." Akapiga hatua mbili, akasimama, kama mtu aliyekumbuka ujumbe. "Mama jana jioni, Jonas alipoondoka, alilima bustani yake ya bondeni na lile jembe. Anasema mpini umelegea. Kesho nitakuletea uukaze, kisha nimrudishie."